Jumuiya isisubiri msiba ndipo ibishe hodi



Fika kwenye msiba wowote mtaani kwetu, hata saa moja tu baada ya habari kutoka, utakuta kazi zimekwisha kugawanywa. Turubai limefungwa. Viti vya kigango vimefika. Kina mama wa WAWATA wako jikoni, huyu anachambua mchele, yule anamenya vitunguu. Vijana wameshika ndoo kwenda kuteka maji. Mzee mmoja amekaa mezani na daftari, anaandika jina la kila anayetoa rambirambi. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo amempigia simu katekista, na katekista amenipigia mimi. Hakuna aliyesubiri barua kutoka parokiani. Mtu amefariki, basi majirani wamekuja.

Ni jambo la kumshukuru Mungu. Katika miaka yangu ya upadri nimezika watu wengi, maskini na wenye nafasi, na sijawahi kuona familia ya Kikristo ikiachwa ichimbe kaburi peke yake. Lakini siku hizi naondoka matangani na swali ambalo halinipi usingizi, na leo naomba nikushirikishe. Fedha za jeneza na za gari la kubeba mwili tumezipata kwa siku moja. Wiki mbili zilizopita mtu huyuhuyu alikuwa kitandani, hana nauli ya kwenda hospitali wala hela ya vipimo. Je, siku ile tulikuwa wapi?

Tunaishi katika nyakati ambazo hakuna mwenye hakika ya kesho yake. Tarehe 3 Desemba 2023 watu wa Katesh, wilayani Hanang, waliamka asubuhi ya Dominika na kukuta tope na mawe kutoka mlimani vimefunika nyumba, maduka na wapendwa wao. Aprili 2024 wakulima wa Rufiji waliyaona mashamba yao yakigeuka kuwa ziwa. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu waliokuwa wakitegemea mishahara ya miradi ya afya walijikuta nyumbani, bila kosa lolote walilotenda. Na hapo sijataja bei ya unga, ada za shule, wala magonjwa yasiyobisha hodi.

Maafa makubwa yana jambo moja: yanaonekana. Katesh ilipofunikwa na tope, picha zilienea nchi nzima, na misaada ikapelekwa. Dhiki inayonisumbua mimi kama mchungaji ni ile isiyopigwa picha, iliyo nyuma ya mlango uliofungwa, kwenye nyumba ambayo kwa nje ina bati zuri na geti lililopakwa rangi.

Niruhusu nikusimulie jambo moja. Mhusika ameniruhusu kulisimulia, nami sitataja jina lake wala la parokia. Alikuwa mhasibu katika mradi mmoja wa afya. Kwa miaka mingi ndiye mtu ambaye jumuiya yake ilimkimbilia. Saruji ya kigango ilipopungua, tulimpigia simu yeye. Kwaya ilipohitaji sare, tulimpigia yeye. Mradi ulipofungwa hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa shati lake, akachomekea, akatoka kama anayekwenda kazini, kisha akashinda kwenye duka la rafiki yake mpaka jioni. Jumamosi za jumuiya akaacha kufika.

Katibu wa jumuiya alifanya kazi yake kwa uaminifu. Kila Jumamosi aliandika kwenye daftari kwamba huyu bwana hayupo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, ya nane. Wengine wakaanza kusema kwamba amejisikia, kwamba siku hizi hana muda na watu wa chini. Habari hizo zikanifikia. Nami nilifanya nini? Wakati ule tulikuwa tunaezeka kanisa, na yeye alikuwa ametoa ahadi ya shilingi laki tano. Nilitia saini kadi ya kumkumbusha ahadi yake, nikampa katekista aipeleke.

Aliyejua ukweli alikuwa jirani yao, mama Mwislamu anayekaanga maandazi nje ya geti lake. Aliona kwamba watoto wa nyumba ile, waliozoea kununua maandazi kila asubuhi, wamepunguza, kisha wameacha kabisa. Hakuuliza. Akawa anamtuma binti yake na sahani kila siku, na ujumbe kwamba ni maandazi yaliyobaki. Mke wa yule bwana aliniambia baadaye kwamba maandazi hayo yaliyobaki yalikuwa yakifika bado ya moto.

Siku moja mama huyo alikutana na katibu wetu bombani, akamwuliza: "Hivi ninyi watu wa kanisani, hamjui mwenzenu yuko katika hali gani?"

Nilikwenda jioni ileile. Yule bwana alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha kabla sijasema neno akaanza: "Baba Paroko, najua ahadi yangu. Naomba uniongezee muda kidogo." Nilikuja kumjulia hali, yeye akadhani nimekuja kudai. Na hakukosea kufikiri hivyo. Katika miezi yote aliyokuwa akikosekana, kitu pekee kilichotoka kwetu na kufika mlangoni pake kilikuwa kadi ya mchango yenye saini yangu.

Mpendwa msomaji, tuna methali isemayo kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mara nyingi tunaitumia kumlaumu aliyenyamaza. Mimi baada ya jioni ile nimejifunza kuuliza upande wa pili: sisi tumeishije naye hata akaona heri afiche? Mtu akijifunza kwamba jumuiya inamjua kwa kile anachotoa, siku atakapokosa cha kutoa atajificha. Atawakwepa watu walewale ambao Mungu amewaweka karibu naye ili wambebe.

Tusome pamoja Matendo ya Mitume, sura ya 11, mistari ya mwisho. Nabii mmoja aitwaye Agabo anafika Antiokia na kutabiri njaa kubwa, ile iliyotokea zamani za Kaisari Klaudio. Angalia Wakristo wa Antiokia wanafanya nini. Hawasubiri njaa ifike ndipo waanze kuulizana. Wanaamua palepale kwamba kila mmoja, kwa kadiri ya uwezo wake, atatoa kitu kwa ajili ya ndugu wa Yudea, na wanakikabidhi kwa Barnaba na Sauli wakipeleke. Kuna mambo matatu pale: wamejiandaa mapema, kila mtu amepimwa kwa uwezo wake, na fedha zimepitia mikononi mwa watu wanaoaminika. Na kuna la nne, kwamba waliosaidiwa walikuwa watu wa mbali, ambao wengi wa wale waliotoa hawakuwahi kuonana nao.

Rudi nyuma kidogo, sura ya 6. Katika Kanisa la Yerusalemu kulikuwa na ugawaji wa chakula kila siku, na bado wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Hili linanifariji na kunionya kwa pamoja. Linanifariji kwa sababu hata jumuiya iliyoongozwa na Mitume wenyewe ilipitiwa. Linanionya kwa sababu waliosahauliwa hawakuwa watu wowote tu, walikuwa wale ambao lugha yao ilikuwa tofauti. Kila jumuiya ina wajane wake wa Kigiriki. Kwetu anaweza kuwa mpangaji aliyehamia juzi, dada wa kazi wa ndani, mlinzi wa usiku, au mama anayelea watoto bila ndoa ambaye tunamsalimia nusu nusu. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwasikiliza, kisha wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Upendo ulipewa utaratibu na watu wa kuuwajibikia.

Katika bara letu hili, kule Karthago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, Mtakatifu Sipriani alikuwa askofu ugonjwa mbaya wa kuambukiza ulipoingia katikati ya karne ya tatu. Watu waliwakimbia wagonjwa wao. Shemasi wake Ponsio, aliyeandika maisha yake, anatueleza kwamba Sipriani aliwakusanya waamini na kuwafundisha kuwa si ajabu mtu kuwatunza watu wake mwenyewe. Mkristo anatakiwa avuke hapo na kumtendea mema hata asiye wa imani yake. Kazi zikagawanywa. Wenye mali walitoa mali, na maskini wasio na kitu walitoa nguvu zao, huduma ambayo shemasi huyo aliihesabu kuwa na thamani kuliko fedha. Kumbuka kwamba wapagani waliohudumiwa walikuwa majirani wa watu waliokuwa wametoka tu kuwatesa Wakristo. Sipriani mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Kwa hiyo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki na ya Kati, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walipoamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hawakuwa wakibuni njia ya kurahisisha ukusanyaji wa michango. Walitaka Kanisa liwe dogo kiasi cha watu kufahamiana kwa majina, mahali ambapo mtu asipofika, pengo lake linaonekana. Ndiyo maana jumuiya ina nyumba chache, na ndiyo maana inasali nyumbani kwa mtu. Ukisali sebuleni kwa mwenzako unaona kama watoto wake wamekula.

Najua utaniambia kwamba michango ni wajibu. Ni kweli, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani Baba amefuta michango. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 222, inawafunga waamini kulitegemeza Kanisa lao. Lakini kanuni hiyohiyo, katika sehemu yake ya pili, inawafunga pia kuwasaidia maskini kwa mali zao wenyewe. Na Kanuni ya 848 inatuagiza sisi wahudumu tuangalie kwamba mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kanuni ya 1181 inasema vivyo hivyo kuhusu mazishi: pasiwe na upendeleo, wala maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Nimewahi kumsikia kiongozi wa jumuiya akisema mbele ya jeneza kwamba "huyu hatumjui". Nilijiuliza, kumjua ilikuwa kazi ya nani?

Basi tufanye nini? Sina mambo makubwa ya kukushauri. Nina haya machache, ambayo jumuiya yoyote inaweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, tubadilishe kazi ya daftari. Mtu akikosekana mara mbili mfululizo, watu wawili waende nyumbani kwake. Wasiende na kitabu cha michango. Wasiende kumwuliza kwa nini hakuja. Wampelekee salamu, wakae, wanywe maji, wasikilize. Kama yuko salama, Mungu asifiwe. Kama hayuko salama, jumuiya itakuwa imejua mapema.

Pili, kila jumuiya iwe na mfuko wake mdogo wa huruma, ulio mbali na michango ya ujenzi. Shilingi mia tano kwa wiki kwa mwenye uwezo, kibaba cha maharage au unga kwa mwenye shamba. Wausimamie watu watatu wanaojulikana kwa kutunza siri, na wajumbe wengine waelezwe kiasi kilichotumika bila kutajiwa aliyesaidiwa. Na ninaomba sana: tusipige picha. Mtu anayepokea unga akiwa amesimama mbele ya simu kumi zinazompiga picha, ameshiba siku mbili na ameaibika mwaka mzima.

Tatu, tuhesabu na vile visivyo fedha. Katika jumuiya moja utamkuta muuguzi mstaafu anayeweza kumweleza mtu vizuri kuhusu dawa zake, mwalimu anayeweza kuwafundisha watoto wa jirani jioni, kijana mwenye bodaboda anayeweza kumpeleka mgonjwa zahanati, bibi anayeweza kushinda na mtoto wakati mama yake anatafuta riziki. Anayeniambia "Baba, na sisi wenyewe hatuna" namkumbusha maskini wa Karthago, na yule mjane wa Sarepta aliyebakiwa na konzi moja ya unga wakati Eliya alipomfikia.

Nne, tusiishie kwenye uzio wa kanisa. Mama wa maandazi hakuuliza dini ya watoto wale. Jumuiya ikienda kumtazama mgonjwa wake na nyumba ya pili kuna mgonjwa wa dhehebu lingine au wa dini nyingine, ipite na huko. Na pale mzigo unapozidi uwezo wetu, tusione aibu kuupeleka Karitasi ya parokia, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kumsindikiza mtu mpaka kwenye ofisi ambayo hajui aanzie wapi, nako ni kumbeba.

Wapo wenye hofu kwamba watu watazoea, watakaa kusubiri kuletewa. Hofu hiyo si mpya, hata Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu watu wavivu (2 Thes 3:10). Lakini soma vizuri mstari ule. Paulo anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi mtu aliyeitafuta kazi akaikosa, wala mgonjwa, wala mkulima aliyepokonywa shamba na maji. Namna ya kumtofautisha huyu na yule ni kumfahamu, na kumfahamu tunarudi palepale: kwenda nyumbani kwake.

Unaweza kutaka kujua yule bwana aliishia wapi. Hatukuweza kumpatia kazi, na kazi kama ile ya mwanzo hajaipata mpaka leo. Jumuiya ilimsaidia ada ya muhula mmoja ya mtoto wake mkubwa, na mjumbe mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimpa kazi ya kumwekea hesabu kwa siku mbili za wiki. Kadi ile nilimwomba anirudishie, nikaichana mbele yake na mkewe, nikawaomba msamaha. Anafika jumuiya tena. Sadaka yake ni ndogo na anaitoa bila kuificha. Na jumuiya yake ilikwenda kumshukuru mama wa maandazi. Walikwenda watu tisa, wakamkuta jikoni, naye akashangaa sana, akawaambia kwamba yeye alikuwa anapeleka yaliyobaki tu.

Mpendwa msomaji, leo utakwenda kanisani. Utakapotoa amani kwa mwenzako, tazama pia benchi lililo wazi. Nani alizoea kukaa pale? Umemwona lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, usimwulize mwenyekiti wala usimsubiri Padri. Baada ya Misa, kabla ya chakula cha mchana, pita kwake. Kama una kitu mkononi, nenda nacho. Kama huna, nenda hivyohivyo. Bisha hodi angali hai wa kukuitikia karibu.

Nawatakieni nyote Dominika njema yenye baraka tele.